Boksi ya kuvulia kwa barafu, Julai ya Nairobi na tilapia wenye maringo

Wacha nianze na nyota ninazoipa hii boksi ndio wenye haraka waende zao: tatu na nusu kati ya tano. Tatu karibu zote ni za kawaya kamoja kadogo nitakafikia huko chini, nusu ni ya jigi, zile ndoano ndogo zenye kichwa kizito, na fimbo haijapata kitu.

Sasa stori. Niko na binamu Minnesota, amekaa huko mpaka siku hizi akiongea juu ya baridi anaongea kama mtu anasifia shamba lake. Wenyewe wanaliita jimbo lao nchi ya maziwa 10,000, na ikifika Januari hayo maziwa yameshika barafu watu wanatembea juu, wanatoboa shimo na drili, shimo lenyewe upana wa sufuria ndogo ya chai, wanaweka kiti kando yake wanavua. Barafu ikifika inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, wanasema inabeba mtu. Sentimita kumi! Mimi hapo ningewangojea kwa gari.

Samaki wanaotafutwa sana ni wale wa kikaango, bluegill, crappie na perch wa manjano. Bluegill mkubwa ni kama kiganja cha mtu mzima, na kama ushawahi kuvua wale bass wa Naivasha walioletwa mwaka wa 1929 basi jua ni ukoo mmoja na bluegill na crappie, so si wageni kabisa kwetu. Shida yao wakati wa baridi ni kwamba joto la mwili wa samaki linafuata maji, maji yakipoa kila kitu ndani yake kinaenda polepole, njaa inapungua, hakimbizi chambo. Anakuja, anaangalia, anarudi nyuma, anaangalia tena kama mama anachagua nyanya Marikiti, halafu anafungua mdomo haraka, maji yanaingia na chambo ndani, anaonja, anatema. Yote hayo wewe uko juu hujahisi kitu kwa mkono, unafikiria hakuna samaki.

Binamu alivyonieleza hiyo nikamwambia ngoja kwanza, huyo si ndiye tilapia wa Julai?

Kwa sababu nyinyi mnaovua kwa haya mabwawa ya kulipia upande wa Kiambu mnajua vile inakuwanga. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 na kitu kutoka baharini, na Julai jua linaweza kukataa kutoka siku tatu nzima. Tilapia ni wa joto, anapenda maji ya nyuzi 27 mpaka 30, ikishuka chini ya 20 hamu ya kula inapungua sana na ikikaribia 16 ni kama amefunga. Nilichukua kile kipimajoto cha kuogeshea mtoto (mama watoto bado ananiuliza kilienda wapi) nikapima saa mbili asubuhi, 17. Saa nane mchana upande wa jua, 21. Hizo nyuzi nne ndio tofauti ya kurudi na samaki na kurudi na hadithi, shika hiyo.

Basi binamu akanunua boksi, dola 30 na kitu, shangazi akija likizo akaibeba kati ya nguo. Ndani kulikuwa na fimbo fupi kama mkono na rili yake ndogo, uzi mwembamba sana wa pauni 2 (yaani ukivutwa kwa uzito kama huo unakatika), kamkebe ka jigi kumi, pakiti ya vijiplastiki vyenye sura ya mdudu, na waya wa kuchomeka kwa ncha ya fimbo. Jina la kampuni nitaliacha, hawajanilipa.

Fimbo kwanza ndio tumalizane nayo. Imetengenezewa mtu amekaa juu ya shimo, maji yako katikati ya miguu yake. Sasa wewe uko ukingoni, samaki yuko mita nne mbele, unarusha na kijiti cha sentimita 60, kinaangukia nyasi. Nilijaribu kulala kifudifudi kwa ile daraja ndogo ya mbao, mwenye bwawa akaja kuuliza kama niko sawa. Nikaiweka kwa begi. Rili nayo siku ya pili ilianza kukwaruza ikashika, labda bahati yangu mbaya, lakini nasema vile ilikuwa.

Jigi ziko sawa, ziko poa hata, lakini ujue unanunua nini. Ni ndoano ndogo sana yenye kichwa cha tungsten, ile chuma nzito kushinda risasi, ujazo sawa wa tungsten ni karibu mara moja na nusu na zaidi ya uzito wa risasi, kwa hivyo wanaweza kufanya kichwa kidogo kama punje ya mtama na bado kikazama mbio. Kwa ziwa lao ambapo samaki ako mita sita chini ya barafu, na ukichelewa kundi limepita, hiyo mbio ni pesa. Kwa bwawa letu la mita moja na kidogo ni shida. Tilapia wa baridi anataka kitu kinashuka pole pole kama kimekufa, jigi ya milimita 5 ilikuwa inaanguka pu! kwa matope na hakuna mtu anaitaka huko. Ya milimita 3 peke yake ndio ilifanya kazi vizuri. Rangi ziko za dhahabu, za waridi, na zile zinang'aa gizani ukizimulika na tochi, binamu ananiambia barafu ikifunikwa na theluji chini kunakuwa giza ndio maana. Kwa maji yetu ya rangi ya chai ya maziwa sikuona tofauti yoyote kusema ukweli, dhahabu ilishika kidogo zaidi lakini pia ndio nilitumia sana.

Vijiplastiki, zii. Huko wanasema vinafaa sana kwa sababu havigandi kwa vidole na havitoki kwa ndoano, sawa. Huku jumamosi mbili nzima vilinipa samaki mmoja na nafikiri huyo alikuwa amepotea.

Hapo ndio nikaanza kufikiria chambo vizuri. Wao wanatumia sana funza wawili, funza wa nzi na yule mnono mweupe wa nondo wa nta. Huyo wa nta ukimwambia mfugaji wa nyuki atakunja uso, ndiye anaharibu masega kwa mizinga. Mjomba yangu ana mizinga Mwingi, nikampigia nikamwambia nataka wale wadudu, akanyamaza kwa simu kitambo, akaniuliza mara mbili, "Unataka nikutumie adui yangu na parcel?" Wakakuja kwa chupa ya jam na vipande vya sega, kama thelathini hivi wakiwa hai. Na kwa upande wa funza wa nzi si lazima usumbuke na nyama iliyooza, sa hii wafugaji wengi wa kuku wako na mabuu ya BSF, yule nzi mweusi anaitwa black soldier fly, mtu anakupimia kikopo kwa bei ya soda. Ngozi yake ni ngumu kiasi, inakaa kwa ndoano. Yule wa nta ni laini, samaki akivuta mara moja amebaki maganda, lakini ule utomvu unaotoka ndio unawaita. Ujanja ni kumdunga kidogo tu upande wa nyuma, umuache aning'inie, ukimdunga katikati anapasuka na unabaki na ngozi.

Jumamosi ya tatu nikaenda na hao funza, na fimbo yangu ya kawaida ya mita mbili, na kwa ncha nikachomeka ule waya. Sasa huu waya jameni. Ni kitu kama springi nyembamba iliyonyooshwa, ina tundu la kupitisha uzi na tone la rangi ya machungwa mbele. Uzito wa jigi unauinamisha kidogo na ukae hivyo. Samaki akivuta unainama zaidi, hiyo inajulikana. Lakini yule mwenye maringo, yule anainua chambo bila kuvuta, waya unainuka! Yaani unaona ule uzito umeondolewa kwa ncha, hakuna kitu kimevutwa, mkono haujahisi chochote, na samaki ako nayo mdomoni. Uko na kama sekunde moja. Niliinua fimbo bila nguvu, nikahisi huyo, kilo nusu hivi. Nilikaa hapo nikafikiria miaka yote nimekuwa nikisema hakuna samaki na kumbe walikuwa wanaonja na kutema mbele ya macho yangu.

Siku hiyo nilitoa saba, kati ya saa saba na saa kumi, upande ambao jua linapiga na maji ni mafupi. Kabla ya hapo kuanzia asubuhi, sifuri, kwa hivyo msiniambie ni waya peke yake. Nilikuwa nashusha jigi mpaka iguse chini, nainua kama upana wa mkono, natikisa kidogo tu kama mtu anatetemeka, halafu naacha. Kuacha ndio kazi. Unahesabu mpaka ishirini na mkono unawasha, unataka kutikisa tena. Karibu wote saba walishika wakati nimeacha. Binamu anasema hata huko ni hivyo, mwingine anaweka fimbo ya pili kando bila kuigusa kabisa na hiyo ndio inashika.

Ule uzi wa pauni 2 unafaa sana kwa kudanganya, hauonekani, jigi inacheza vizuri, lakini samaki wetu si wa kiganja. Wawili walikimbilia kwa matete wakakata, wakaenda na jigi zangu za dhahabu. Nimepandisha mpaka 4 na sijaona wakikataa.

Sasa kitu kilinifanya nipunguze nyota. Kuna mzee huwa hapo kila jumamosi, mwanzi mrefu, ndoano ya shilingi kumi, ugali. Siku ya kwanza aliangalia ile fimbo fupi akaniuliza, "Kijana, hiyo ni ya kuvua ama ya kupikia?" Sikumjibu. Alitoa watatu asubuhi hiyo mimi nikiwa na sifuri. Jumamosi ya tatu nikiwa na saba zangu nikaenda kujisifu na waya, nikamwonyesha vile unainuka. Mzee akaangalia, akasema, "Ni vizuri. Mimi huona hapa." Akanionyesha boya lake. Unyoya wa bata mzinga, ule mkuki wa katikati peke yake umekwanguliwa safi, umefungwa na uzi juu na chini, na kachubwi kadogo ka risasi kamekunjwa karibu na ndoano mpaka unyoya unabaki nje ya maji kama ukubwa wa kiberiti. Samaki akivuta unazama. Samaki akiinua chambo na ile risasi, unyoya unalala. Shikamoo mzee. Dola thelathini na jamaa ako na kitu hicho hicho kutoka kwa kuku wa Krismasi, sawa, bata wa Krismasi.

Nikamuuliza na ugali je, mbona wewe wanakula ugali na mimi wamekataa plastiki ya Marekani. Akaniambia ugali wake si wa mezani, anaupika mgumu, anaukanda na omena iliyosagwa, na kwa baridi anaweka kipande kama harage, watu wanaweka kama ndimu. Anatupa pia punje mbili tatu tu kwa maji bila ndoano kila baada ya muda, si mkono mzima, kwa sababu samaki wa baridi akishiba kidogo amemaliza siku.

Jumamosi ya nne nikajaribu hivyo: unyoya, ndoano ndogo kabisa niliyopata kwa duka la vifaa mjini, namba 16, bila jigi, na buu moja la BSF. Sita. Mmoja tu pungufu na wiki iliyopita, na jua lilitoka kidogo kuliko siku ile. Duka lenyewe, kwa bahati mbaya, ukiuliza ndoano ndogo wanakuonyesha za mbuta, ndoano unaweza kuning'iniza koti, ikabidi nisisitize mpaka kijana akapanda ngazi akatoa boksi lenye vumbi. Sisitizeni, ziko.

Kwa hivyo kama uko na mtu anakuja kutoka huko, usiagize boksi nzima. Mwambie akuletee waya, zile springi za kuchomeka, zinauzwa peke yake, ni nyepesi hata hazishtui mizani, na jigi za milimita 3 kama anataka kukufurahisha. Waya ni mzuri kuliko unyoya kukiwa na upepo, kwa sababu upepo ukisukuma maji unyoya unacheza wenyewe na unainua fimbo bure, na pia ukitaka kuvua chini kabisa bila kupima kina kila saa. Kukiwa kumetulia, unyoya, sioni haja ya kitu kingine. Kama hakuna mtu anakuja, tafuta mtu anafuga bata mzinga.

Mzee ameniomba jigi mbili za dhahabu zilizobaki, anataka kuona kama zitashika na ugali, nikampa, na yeye akanichongea boya langu. Nilituma picha kwa binamu sasa naye anataka lake. Nimemwambia kwa hilo shimo lake la barafu litaganda kabla amalize kufunga ndoano, anasema hiyo ni kazi yake, nitume tu.