Uma wa kwarzi wa saa ndani ya heli-3 na heli-4: bei ya karanga, kazi ya maana

Umetengenezwa kwa ajili ya saa za mkono: uma wenye meno mawili, unaotetemeka mara 32,768 kwa sekunde ndani ya kikopo cha chuma chenye ombwe. Maabara za baridi kali, za Lancaster na Helsinki zikiwemo, huutumia kupima mnato wa heli iliyogeuka kimiminika, ya aina zake mbili, heli-3 na heli-4. Umeuzidi waya unaotetemeka, kifaa kingine cha kupimia mnato, kwa jambo moja kubwa, nalo ni kutohitaji uga wa sumaku.

Kuufungua ndiko kunakoharibu uma nyingi. Shika kitako chake, usage ukingo wa kopo taratibu, kisha ulivute. Ukibana penye kioo cha kitako, kinapasuka. Pima kabla na baada. Ndani ya ombwe kilele cha resonansi (masafa ambayo uma hutetemeka kwa nguvu zaidi; upana wake huonyesha msuguano) huwa na upana usiofika herzi 1, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde, na hewa ikiingia hupanuka hadi herzi kadhaa huku masafa yakishuka kidogo. Kisipopanuka, kopo bado limeziba. Miguu ya asili huvutwa na sumaku, hivyo kama jokofu lako lina sumaku, weka nyaya nyembamba za shaba.

Anza kuusukuma uma kwa umeme wa milivolti 1. Ongeza mara mbili: mkondo unaopita kwenye uma nao uongezeke mara mbili, upana ubaki palepale. Vinginevyo unapasha heli joto au unaivuruga. Na usiwe na haraka: kilele chenye upana wa herzi 0.1 huchukua takriban sekunde 3 kutulia, kwa hiyo ukipitisha masafa mbio utapata mawimbi ya uongo.

Ndani ya mchanganyiko wenye heli-3 ya asilimia 6 hivi, chembe za heli-3 ndizo zinazosugua meno; heli-4 inapita tu. Mnato hupanda kwa kinyume cha mraba wa jotoridi, na upana hufuata kwa kinyume cha jotoridi lenyewe. Hapo ni kipimajoto kizuri sana. Ukikaribia milikelvini 1 (elfu moja ya digrii juu ya sifuri halisi), chembe husafiri umbali unaolingana na unene wa jino bila kugongana, na fomula ya mnato haishiki tena.

Kasoro yake kubwa ni sauti ya pili, yaani mawimbi ya joto yanayosafiri ndani ya heli. Kwa masafa haya urefu wa wimbi lake hauzidi sana milimita 1, kwa hiyo hujaa ndani ya kopo na kuzusha vivimbe kwenye upana, ambavyo mgeni atadhani ni mnato. Kuliacha kopo na tundu dogo hulinda meno, lakini kwa mchanganyiko tunashauri liondolewe lote.