Kitalu cha mitende Lubumbashi: miche mizuri, maelezo haba

Mwezi wa 5, mvua zilipokuwa zimekwisha kukatika, nilinunua katika kitalu kimoja cha hapa Lubumbashi mitende miwili na washingtonia mmoja, mti ambao kwao ni majangwa ya California na Arizona. Miche ilikuwa na afya, na mizizi ilijaa mfukoni bila kujikunja. Hata hivyo, muuzaji alisisitiza kwamba miti ya jangwani haihitaji kumwagiliwa, jambo lisilo kweli kwa mche mchanga, kwa kuwa ustahimilivu wake huja baada ya mizizi kuzama chini. Mtende mmoja niliouacha hivyo ulikauka kabla ya mwezi wa 8. Miwili iliyobaki, niliyoimwagilia ndoo nzima kila juma na kuitandikia majani makavu, imetoa makuti mapya. Bei, nakiri, ilikuwa nafuu.