Huduma za muziki mtandaoni: ipi ina sauti nzuri kwa pesa yako?

Kabla hujalipia, angalia kwanza unasikilizia nini. Ukitumia vifaa vya masikioni vya Bluetooth, simu inaubana muziki upya kabla ya kuurusha. iPhone, kwa mfano, huurusha kwa AAC, njia ya kubana muziki kwa kutupa sehemu yake, kwa hiyo sauti isiyopunguzwa (lossless, yaani isiyopoteza chochote cha rekodi) inaishia humo humo kwenye simu. Wanaoifaidi ni wenye hedifoni za waya, au waliochomeka simu kwenye redio kubwa ya sebuleni.

Kwa hao, namba moja ni Apple Music, na sisiti kusema hivyo. Tangu Juni 2021 inatoa sauti isiyopunguzwa, hadi biti 24 na kilohezi 192 (vipimo vya undani wa rekodi), bila kuongeza bei, na programu yake ipo hata kwenye Android. Weka rumba yenye magitaa matatu: solo linapanda, lakini rithimu halizami chini yake, na matoazi yanalia mpaka mlio uishe wenyewe badala ya kugeuka mchakacho. Kinachoumia ni bando. Kwa hesabu za Apple wenyewe, wimbo wa dakika 3 unaokula MB 6 kwa kawaida hufika MB 36 usipopunguzwa, na MB 145 katika kiwango cha juu kabisa. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi.

Ya pili ni Spotify, na kwa msikilizaji wa Bluetooth ningeipandisha iwe ya kwanza. Ya kulipia inafika kilobiti 320 kwa sekunde, yaani kama MB 144 kwa saa, na inajua sana kukutafutia nyimbo za kufanana na unazopenda. Septemba 2025 nayo ilianza kuwafungulia wanaolipia sauti isiyopunguzwa, nchi baada ya nchi. Ila usilipe ukaacha mipangilio ijiamulie: mtandao ukiyumba, sauti inashushwa kimya kimya. Panga mwenyewe kiwango cha juu, cha kusikiliza na cha kupakua, maana kila kimoja kina sehemu yake. Mkiwa wengi nyumbani, chukueni kifurushi cha familia cha watu 6 mchangiane.

YouTube Music inaishia kilobiti 256, na kwa sauti tupu ni ya tatu. Lakini mpenzi wa taarabu na zilipendwa ataikuta humo miziki iliyopandishwa na mashabiki ambayo kwingine haipo. Nyingi zilitolewa kwenye kaseti, na kilichopotea kwenye utepe hakirudishwi na huduma yoyote, hata ya bei gani.

Boomplay na Mdundo naziweka mwisho kwa sauti, si kwa manufaa. Mdundo, ya Kenya, inakupa MP3 unayoipakua ikawa yako: unaiweka kwenye flashi, unaichomeka garini, na safari nzima hutumii bando.