Mrejesho: wauza vifaranga wa sato na kambale huku Morogoro

Wadau, mliomba mrejesho wa hawa jamaa nilionunua kwao vifaranga vya samaki, huu hapa, jina lao njooni inboksi, hapa sitaki ionekane tangazo.

Kilichonikosha zaidi, hawa jamaa hawana haraka ya kukuuzia. Mi nilitaka sato na kambale siku moja tumalize kazi, wakagoma, wakasema kambale tutawaleta baadaye, sato wakishanenepa kidogo, na tutaleta wadogo kuliko sato wako, vinginevyo hao sato uliowalipia wote wataliwa. Na kweli, lile domo la kambale halichagui, kinachoingia kinamezwa.

Kwa wanaoanza, sato ukichanganya dume na jike wanaanza kuzaa bado wadogo, miezi mitatu minne tu, na wakianza hawaachi, bwawa linajaa vitoto, chakula cha kuelea na bei yake ile unamwaga vinakula vitoto, siku ya kuvuna unatoa samaki wa kukaanga na dagaa. Kambale anavipunguza vile vitoto, na yeye bwawani hazai hovyo, kwa kawaida mpaka achomwe homoni kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga, kwa hiyo idadi yake unaipanga wewe. Mtasema si uchukue madume matupu, wale waliolishwa chakula cha homoni wakiwa wachanga ili wote wawe madume, sawa, ila majike mawili matatu hawakosekani na hao wanatosha kukuharibia hesabu.

Halafu mtaalamu wao akarudi kukagua, bila kudai hata nauli. Akavuta wavu pembeni, akashika jike mmoja akamfungua mdomo kwa kidole gumba, mayai ya njano yamejaa mle mle ndani, sato si huatamia mdomoni. Akazamisha mkono majini, kiganja kikapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, akasema samadi unayoweka kurutubisha maji simamisha kwanza, kijani kimezidi. Huduma hiyo nani anakupa siku hizi jamani?

Kasoro zipo. Kambale walikuja saizi mchanganyiko na hawa wanakulana wenyewe kwa wenyewe, walitakiwa kuchambuliwa kabla ya kufungwa kwenye mifuko. Na gari lilifika saa saba mchana jua linawaka, ikabidi tuiache mifuko ielee bwawani hadi joto lilingane ndo tufungue, na bado wengine walikufa. Walifidia bila maneno, hilo nawasifu.

Bei iko juu kidogo kuliko wale wanaotembeza kwenye ndoo. Nawapa nne kwa tano, awamu ijayo nachukua kwao tena, ila kambale waje asubuhi na wawe wamechambuliwa.