Majani ya lusina: kukausha au kuvundika?

Jani la lusina, mti wa malisho, likishakatwa, vimeng'enya vyake (kemikali asilia za jani) huendelea kukatakata protini, na kazi hiyo haikomi mpaka maji yapungue sana au tindikali ipande. Ndiyo maana mfugaji wa Kongwa au Bahi, mkoani Dodoma, asichelewe, njia yoyote atakayochagua.

Kwa gharama, kukausha kunashinda: turubai na kivuli vinatosha, na hewa kavu ya Dodoma kuanzia Juni inasaidia. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kwa mara hadi jani livunjike mkononi. Ukilirundika bichi, linapata joto, vimeng'enya vinachapa kazi, kisha ukungu. Likikauka kupita kiasi vijani hupukutika, na protini iko humo humo.

Saileji, yaani majani yaliyovundikwa bila hewa, haipukutishi majani, ila ni ngumu zaidi. Sukari ndiyo hugeuka tindikali, na lusina ina sukari kidogo, hivyo tindikali hupanda polepole. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, changanya molasi (masalia matamu ya kutengeneza sukari) kilo 3 hadi 5 kwa kila kilo 100 za majani, shindilia hewa yote itoke, funga. Harufu kali ya amonia ukifungua ni dalili kwamba protini imevunjwa mno.

Mwenye mbuzi wachache akaushe. Mwenye ng'ombe wa maziwa, molasi na wasaidizi, au anayevuna mvua zikiwa bado zinanyesha, saileji itamfaa zaidi.