Mlo wa Makindu, mji uliozaliwa na reli

Msafiri anayetoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara hufika Makindu baada ya kilomita zipatazo 170, na mara nyingi hupita bila kugeuza shingo, kwa kuwa anachokiona ni maduka ya kando ya njia, malori yaliyoegeshwa na vumbi la Ukambani. Mimi nilishuka hapo kwa ajili ya hekalu la Masingasinga, ambalo huwapa wageni wote chakula na malazi bila malipo. Naliandikia tathmini hii pamoja na habari za mji wenyewe, kwani mlo ule na reli ni ndugu wa tumbo moja.

Makindu ni mji wa maji katikati ya nyika. Jina lake linatokana na mikindu, mitende ya mwituni inayopenda kuota penye unyevunyevu, na unyevu huo asili yake ni vilima vya Chyulu vilivyo upande wa kusini-magharibi, ambavyo mawe yake ya volkano hufyonza mvua na kuitoa tena chini kwa chemchemi. Wajenzi wa Reli ya Uganda, walioanza kazi Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwezi Mei 1899, walikuwa wamevuka nyika ya Taru, ambako maji ya kunywa yaliletwa kwa treni. Injini za mvuke nazo hazikuweza kwenda mbali bila maji. Kwa hiyo Makindu ikawa kituo cha kuhudumia magarimoshi, na penye magarimoshi hapakosi mafundi. Kati ya watu wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kujenga njia hiyo walikuwamo Masingasinga wa Punjab, na wenzao waliobaki kuitumikia reli ndio waliojenga hekalu hili mwaka 1926.

Mgeni huvua viatu na kufunika kichwa kwa kitambaa kabla ya kuingia. Chakula hakina nyama, nacho huandaliwa kwenye trei ya chuma yenye vyumba: dengu nzito, mboga, wali, kisha chai ya maziwa. Nilipofikiwa na mzee aliyekuwa akigawa chapati, nilinyoosha mkono mmoja. Akasubiri kwa upole mpaka nilipoinua yote miwili, ndipo akaniwekea chapati ya moto viganjani, kwa sababu chakula hicho hupokewa kama tunu. Kando yangu walikuwa dereva wa lori na mama aliyembeba mtoto mgongoni, na hakuna aliyeulizwa dini yake wala atokako. Dengu zile nazisifu bila kusita: zilikuwa zimeiva hadi kulainika, na harufu ya tangawizi ilitangulia ladha. Sijapata kula vizuri zaidi katika barabara hiyo, hata nilipolipa.

Kilichonikera ni basi nililosafiria, ambalo kondakta wake alituahidi nusu saa, kisha akaanza kupiga honi kabla chai haijapoa. Ushauri wangu ni kwamba ufike kwa gari lako, au ulale hapo usiku mmoja, ili upate nafasi ya kutembea hadi kwenye reli ya zamani na kuyatazama Chyulu asubuhi kabla ukungu haujatanda.

Anayependa treni ajue kwamba reli ya kisasa ya SGR, iliyozinduliwa mwaka 2017, haina kituo cha abiria Makindu. Apande ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani, ashuke Kibwezi au Emali, kisha achukue matatu. Inaniuma kwamba mji ulioanzishwa na treni sasa haufikiwi kwa treni. Hata hivyo jikoni mwa hekalu moto haujazimwa, na mgeni akimaliza kula huruhusiwa kusaidia kuosha vyombo. Mimi niliosha trei sita, kisha honi ikaniita.