Uzoefu wangu: kuondoa weusi nyuma ya cheche na moshi kwa Blender

Kwa wiki tatu nimekuwa nikitumia kompozita (sehemu ya kuunganisha na kurekebisha picha) iliyomo ndani ya Blender kuondoa mandharinyuma nyeusi katika vipande vya video nilivyorekodi mwenyewe, yaani cheche za grinda na moshi mwembamba, vyote mbele ya kitambaa cheusi. Programu ni ya bure, na kwa kazi ya aina hii imenitosheleza, ingawa nilianza vibaya kwa makosa yangu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilitumia nodi (kisanduku kinachofanya kazi moja juu ya picha) inayokata picha kwa kufuata mwangaza, nikaweka kizingiti cha chini na cha juu, nikasubiri weusi utoweke. Ulitoweka kweli, lakini uliondoka na nusu ya moshi, kwa kuwa moshi mwembamba mbele ya kitambaa cheusi ni kijivu cha giza, na nodi haina namna ya kutambua kwamba kijivu hicho ni moshi wala si kitambaa. Nilipokishusha kizingiti, moshi ulirudi, ukaja na chenga zote za kamera.

Nikahamia modi ya skrini, namna mojawapo ya kuchanganya picha mbili. Juu ya picha ya usiku inapendeza na haihitaji chochote zaidi. Juu ya anga la mchana, hata hivyo, cheche zilififia karibu zisionekane, kwa sababu hesabu ya modi hiyo huongeza mwanga tu, haizibi kilicho nyuma.

Njia iliyonifaa ni kuitafuta alfa, yaani kiwango cha kila pikseli kuziba kilicho nyuma yake, ndani ya picha yenyewe. Nilitenganisha nyekundu, kijani na buluu, kisha kwa nodi mbili za hesabu nikachukua ile iliyo kubwa kuliko zote katika kila pikseli, nikaifanya kuwa alfa. Pikseli moja ya ukingoni mwa cheche ilisomeka 0.30, 0.12 na 0.03 katika kipimo cha 0 hadi 1, kwa hiyo alfa yake ikawa 0.30. Kitambaa nacho hakikuwa cheusi kabisa, kilisomeka karibu 0.01, basi nilikitoa kiasi hicho mapema na kuzuia thamani zisishuke chini ya sifuri.

Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima. Kila cheche ilizungukwa na utepe mweusi, nami nikailaumu kamera, nikailaumu taa, nikakilaumu hata kitambaa. Kumbe nodi ya kuweka alfa ina chaguo mbili: moja huzidisha rangi kwa alfa, nyingine hubadilisha alfa pekee na kuziacha rangi zilivyo. Nilikuwa nimeiacha ile ya kwanza ikiwa imechaguliwa, na kwa kuwa rangi zilizorekodiwa mbele ya weusi ni kama zimekwisha kuzidishwa tayari, nyekundu yangu ya 0.30 ilizidishwa tena ikawa 0.09. Nilipochagua ya pili, utepe ulitoweka papo hapo.

Mwenye kujaribu aangalie pia mpangilio wa rangi: tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023 mwonekano unaokuja na programu bila kuuchagua ni AgX, namna ya kugeuza rangi kwa ajili ya skrini, ambao hubadilisha rangi za video iliyokwisha kurekodiwa, kwa hiyo mimi huweka ule wa kawaida (Standard) kabla ya kugusa nodi yoyote. Video ya biti 8 nayo ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mkia wa moshi hukaa katika ngazi chache za chini kabisa, mahali ambapo ugandamizaji wa faili huacha vijisanduku. Moshi wangu ulikuwa navyo, na hakuna nodi iliyoviondoa bila kuula moshi wenyewe.

Njia hii inavifaa vitu vinavyong'aa au vyenye uwazi. Nilipoijaribu kwa mtu aliyesimama mbele ya kitambaa kilekile, anga lilipenya kwenye nywele na mboni za macho yake, ikanilazimu kumchorea barakoa, yaani umbo la kumtenga na mandharinyuma, kwa mkono, fremu baada ya fremu. Kipande hicho nitakirekodi upya mbele ya kitambaa cha kijani.